Kabla hujabomoa ukuta, fungua kabati



Yule tajiri wa Injili ya Luka, sura ya 12, tumezoea kumhubiri kama mtu mchoyo, na kweli alikuwa mchoyo. Leo naomba tumtazame kwa upande mwingine: ni mtu mwenye tatizo la nafasi. Shamba limezaa, mavuno hayaenei ghalani. Anakaa peke yake, anajiuliza mwenyewe na kujijibu mwenyewe: atabomoa ghala zake na kujenga nyingine kubwa zaidi. Hamwulizi mke, hamwulizi jirani, wala haingii ghalani kuona mle ndani kumelundikana nini tangu mwaka juzi. Wazo la kwanza kumjia kichwani ni nyundo. Usiku uleule anaitwa na Mungu, na fundi hajachimba hata msingi.

Nimemkumbuka tajiri huyu kwa sababu ya ziara za familia tunazofanya katika jumuiya ndogo ndogo. Hapa Kaloleni, katikati ya Jiji la Arusha, jirani na Uwanja wa Sheikh Amri Abeid, nyumba nyingi za zamani ni zile tunazoziita nyumba za Kiswahili: baraza mbele, korido katikati, vyumba vitatu upande huu na vitatu upande ule, na uani jiko, choo, bafu na kamba za kuanikia nguo. Zipo nyumba ambazo kila mlango wa korido ni kaya nzima. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 416,442 katika jiji hili. Ya mwaka 2022 ikahesabu 617,631. Watu wameongezeka, lakini viwanja vya Kaloleni ni vilevile.

Basi ukiingia kubariki nyumba, sala ya kwanza unayoombwa mara nyingi ni hii: "Padri, tuombee tupate kuongeza chumba." Ni ombi halali kabisa. Siandiki ili kumwambia mtu aliyebanwa kwamba hakubanwa.

Miezi michache iliyopita walinijia mume na mke (nimebadilisha mambo madogo madogo ili wasijulikane). Wanaishi katika vyumba viwili vya nyumba ya urithi: wao wawili, watoto wao watatu, mtoto wa marehemu kaka yake mume, na binti anayewasaidia kazi za nyumbani. Jumla watu 7. Mume alikuwa ameshampata mtu wa kumkopesha fedha za kubomoa ukuta wa nyuma ili chumba kisogee uani. Mkopo wenyewe ni wa aina ile ambayo mtaani inaitwa kausha damu, na dhamana ilikuwa friji, televisheni na pikipiki ambayo ndiyo kazi yake. Mke alikataa kusaini. Walipofika kwangu walikuwa na wiki mbili hawasemeshani isipokuwa kupitia watoto: mwambie baba yako chai iko mezani, mwambie mama yako nimesikia.

Mume hakuwa anaota. UN-Habitat, shirika la makazi la Umoja wa Mataifa, hukihesabu chumba kuwa na msongamano wakikilala watu zaidi ya 3. Watu 7 katika vyumba viwili wameshapita kipimo hicho. Kwa hiyo sikusema nani ana haki. Niliomba jambo moja tu: kabla ya saini, tuifungue nyumba waliyonayo. Jumamosi moja, kuanzia saa tatu asubuhi, na watu wote saba wawepo.

Tulianza na daftari, fagio likasubiri. Nyumba ya watu saba haijai saa ishirini na nne. Saa nne asubuhi ni pana kama ukumbi wa parokia. Inajaa kuanzia saa kumi na moja na nusu alfajiri hadi saa moja, halafu tena kuanzia saa kumi na mbili jioni mpaka watoto walale. Alfajiri ile watu wanne wanagombea bafu moja ambalo pia ni la wapangaji wa korido nzima. Wa darasa la saba anatafuta soksi. Shati la sare bado limelowa kwenye kamba, maana mnaujua mwezi wa saba wa Arusha: Meru ukijifunika wingu, nguo inakaa kambani siku mbili. Mama anapiga pasi huku anakoroga uji, na baba anaruka mabegi mlangoni ili atoe pikipiki. Kila mmoja anasema nyumba ni ndogo. Lakini hata chumba kingekuwa cha tatu, bafu lingebaki moja na soksi ingebaki imepotea.

Hilo halikuhitaji saruji. Wakubwa wawili sasa wanaoga jioni. Sare zote zinafuliwa Ijumaa na kupigwa pasi Jumapili jioni, za wiki nzima kwa mara moja. Kila mtoto ana msumari wake ukutani, na kila usiku sare ya kesho inatundikwa pale, soksi zikiwa mfukoni, begi la shule chini yake. Nilijifunza utaratibu huu seminari ndogo, tukiwa bweni zima la vijana, kila mmoja na kitanda kimoja na tranka moja la bati, na kengele ya alfajiri isiyomsubiri mtu. Tusingeweza kuishi vinginevyo. Sakristia nayo ni hivyohivyo: chumba kidogo kinachohudumia umati wa Jumapili kwa sababu kalisi, kitabu na kibiriti vina mahali pake, na yeyote aliyetumwa anavipata hata gizani.

Halafu tukatoa vitu. Vyote, mpaka uani. Majirani walidhani familia inahama, na mmoja akaja kuuliza kama chumba kinapangishwa. Uani pale tukaweka mafungu matatu: vinavyotumika, vya watu, na vya kutoa.

Fungu la "vya watu" lilituchekesha. Hotpoti tatu za jirani aliyewaletea pilau, sinia la jumuiya, viti viwili vya plastiki vya msiba fulani, na sufuria kubwa ambayo hakuna aliyekumbuka ni ya nani. Tukaituma sufuria hiyo kwa mwenyekiti wa jumuiya aitangazie mwenyewe. Fungu la vinavyotumika lilikuwa dogo kuliko tulivyofikiri. Lililobaki lilikuwa mlima: madumu yaliyopasuka, televisheni inayomsubiri fundi kwa miaka, viatu visivyo na wenzake, salfeti la nguo ambazo mtoto wa mwisho ameshazipita, na makatoni mawili ya vyombo vya kitchen party, vimefungwa bado kwenye magazeti. Nikauliza ni vya nini. Mama akasema, "Vya wageni, padri." Nikauliza mgeni huyo anakuja lini, maana ndoa yao ina miaka kumi na sita. Siku ile tulikula wali kwenye sahani hizo.

Mtakatifu Basili, askofu wa Kaisaria katika karne ya 4, alihubiri juu ya tajiri huyuhuyu wa Luka. Aliwaambia wasikilizaji wake kwamba nguo waliyoifungia sandukuni ni ya mtu aliye uchi, na viatu vinavyooza kwao ni vya mtu anayetembea peku. Tukiyasikia hayo tunafikiria matajiri wa Njiro. Lakini lile salfeti la nguo lilikuwa limekalia nafasi ambayo mtoto angeweza kulala, na lilikuwa linanyeshewa kila masika kwa sababu ya bati linalovuja. Maskini naye anaweza kuwa na ghala. Mimi sioni dhambi kubwa hapo. Naona hofu tu. Mtu aliyewahi kukosa hatupi kitu kirahisi, na asidhihakiwe kwa hilo. Mama yule alikunja nguo moja moja, akazipeleka parokiani, na wiki ile zilipata wa kuzivaa.

Ili mlima usirudi, wakajiwekea sheria moja, nayo ni ya zamani sana. Mtakatifu Benedikto, katika Kanuni yake ya karne ya 6, sura ya 55, anaagiza mmonaki anayepewa nguo mpya airudishe ya zamani mara moja, iwekwe kwa ajili ya maskini. Kwa lugha ya Kaloleni: kikiingia kimoja kutoka mnadani, kimoja kinatoka. Na sura ya 31 inamtaka mtunza ghala avitazame vyombo vyote vya monasteri kama vyombo vitakatifu vya altare. Nimelipenda sana neno hilo. Mwiko, ndoo na ungo vinastahili heshima ile tunayoipa kalisi, kwa sababu kwa vyombo hivyo watu wa Mungu wanalishwa.

Sasa nifike pale ambapo kazi ya siku ile ilisimama.

Tukiwa tunagawa nafasi, tulihesabu kila mtu ana sehemu gani ya vitu vyake. Baba na mama wana kabati. Watoto watatu wana madroo. Binti wa kazi, mwaka wake wa pili pale, nguo zake ziko kwenye mfuko nyuma ya mlango wa jiko, pamoja na mkaa. Na yule mtoto wa marehemu kaka, wa miaka kumi na moja, ana begi. Ni begi alilokuja nalo siku walipotoka kuzika. Liko chini ya kitanda. Kila asubuhi analivuta, anatoa nguo, na jioni anazikunja na kuzirudisha, anafunga zipu. Kwa miaka miwili.

Hakuna aliyemwambia aishi hivyo. Anakula pamoja nao, ada yake inalipwa, anapigwa busu kama wengine. Baba mdogo wake anampenda. Lakini mtoto anayefunga zipu kila jioni hajui bado kama amefika. Nilipomwuliza kwa nini hatoi nguo begini, alijibu kwa adabu zote: "Sijaambiwa pa kuweka, padri."

Baba yule alitoka nje kidogo. Aliporudi alichukua shati zake mwenyewe kutoka upande mmoja wa kabati, akazibana upande wa pili, na kile kipande kilichobaki wazi, kama futi moja na nusu hivi, akampa mtoto. Binti naye akapewa tranka lenye kufuli, na ufunguo akakabidhiwa yeye.

Ndiyo maana nasema kupanga nyumba ni jambo la haki kabla ya kuwa jambo la usafi. Ukitaka kujua nani ni mgeni katika nyumba, usitazame anakula nini. Tazama vitu vyake viko wapi. Bibi aliyeletwa kutoka Rombo au Mbulu kwa matibabu, shemeji anayetafuta kazi, binti wa kazi ambaye ni mtoto wa Mkristo mwenzako: wana hata msumari? Tunaimba kwamba Kristo ni mgeni wa kila nyumba, naye tumemwachia nafasi nyuma ya mlango.

Mengine niyapitie haraka. Nyumba ikijaa sakafuni, kuta mara nyingi ni tupu. Fundi alipiga mbao tatu juu, karibu na dari, kwa vile vinavyotumika mara chache: sufuria za sherehe, mablanketi ya baridi, kinu. Vinavyoguswa kila siku vikae kati ya kiuno na macho. Kitanda cha wazazi kiliinuliwa kwa matofali, likapatikana ghala chini yake la matranka mawili. Watoto wa kiume wana kitanda cha deka. Pazia zito limegawa chumba cha pili ili wasichana wabadilishe nguo kwa stara. Watoto wanakua, na wazazi wasione aibu kulisema hilo mapema. Mpangaji amwombe mwenye nyumba ruhusa kabla ya kupiga misumari. Ndoo ya maji ya kunywa iwe na rangi yake na kifuniko chake, hasa kwa sisi ambao maji ya kisima ya huku chini ya Meru yana madini yanayobadilisha meno ya watoto, na ya kunywa tunayafuata mbali.

Kuna jambo moja sitalipitia haraka. Wakati wa baridi familia nyingi huingiza jiko la mkaa chumbani, wakalala nalo milango imefungwa. Mkaa unaowaka ndani hutoa gesi yenye sumu isiyo na rangi wala harufu. Mtu anasinzia na haamki. Jiko lilale uani, hata kama limebakiwa na makaa machache. Na mafuta ya taa yasiwekwe kamwe kwenye chupa ya soda. Mtoto mwenye kiu hasomi nia yako, anasoma chupa.

Na vyeti. Jumatatu hadi Ijumaa ofisi ya parokia inapokea watu wanaotafuta namba ya ubatizo kwa sababu ndoa ni Jumamosi. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 535, inataka kila parokia iwe na vitabu vyake vya ubatizo na ndoa na ivitunze, kwa hiyo tutakutafutia. Lakini cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki, hati ya kiwanja, vyeti vya shule? Tulivikuta sehemu nne tofauti, kimoja ndani ya Biblia, kimoja kimefungia karanga. Sasa viko katika faili moja, ndani ya mfuko usiopitisha maji, kwenye tranka lililo karibu na mlango.

Wengine watauliza, haya ni mambo ya kuandika Jumapili? Basi someni tena Injili. Yule mtu anayegongewa usiku wa manane katika Luka 11 anasema mlango umefungwa na watoto wake wako naye kitandani. Taa ya Mathayo 5 inawaangazia wote waliomo nyumbani. Hizo ni nyumba za chumba kimoja. Kule Kapernaumu, ambako Wafransisko walianza tena kuchimba mwaka 1968, wamekuta vyumba vidogo vimezunguka ua mmoja wenye meko. Petro angeingia Kaloleni asingeshangaa. Na Bernadetta wa Lourdes, siku ile ya tarehe 11 Februari 1858 alipotoka kutafuta kuni, alitoka katika chumba kilichokuwa zamani seli ya gereza: mita 4.40 kwa 3.72, watu sita, baba hana kazi ya kudumu. Kwa umaskini wote huo ilikuwa ni familia iliyosali pamoja. Papa Fransisko katika waraka Laudato Si' wa mwaka 2015 aliwasifu watu wa makazi yaliyobanana ambao kwa upendo na ukaribu wao hupunguza hali ya kukosa pumzi. Hakusifu kubanana kwenyewe, tusimsingizie.

Bado kuna Martha wa Bethania. Wanaume wanapenda kunikumbusha kwamba Yesu alimkemea. Mimi huwakumbusha malalamiko yake yalikuwa nini: ameachwa afanye kazi peke yake. Mpango wowote wa nyumba unaobaki kichwani mwa mama mmoja si mpango, ni mzigo mwingine. Katika nyumba yetu hii, orodha ya kazi imebandikwa mlangoni, na kijana wa darasa la saba anaosha vyombo Jumanne na Alhamisi. Siku za kwanza alikuwa anafunga mlango wa uani ili wenzake wasimwone. Siku hizi haufungi.

Mkopo haukusainiwa. Wanahitaji chumba cha tatu, nami nimewaambia wazi kwamba wanakihitaji, maana wasichana wanakua na pazia si ukuta. Baba ameanza kuweka akiba kwenye SACCOS badala ya kwenda kwa kausha damu. Ramani pia imebadilika. Kitakachotangulia ni stoo ndogo ya mkaa uani, ili jiko lipate pa kulala, na swali la mlango wake utazame upande gani ameliacha kwa mke wake.